Mashine ya cheche usiiulize bei kwanza: tuliyoyapitia karakanani Malindi

Haipiti wiki bila mtu kunipigia simu akitaka kujua mashine ya kukata chuma kwa cheche za umeme ni pesa ngapi. Nikimjibu kwamba inategemea, ananyamaza, nami nasikia kabisa kwenye ule ukimya kwamba ameshaniweka kwenye kundi la wachoyo. Basi nayaandika yote hapa.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla ya bei, uliza mashine inakunywa nini. Maji ya aina gani, mafuta gani, na umeme wa namna gani. Kukata chuma hakukutusumbua sana. Kilichotukosesha usingizi ni hivyo inavyokunywa, pamoja na hewa ya chumvi ya mji wetu.

Karakana ni ya mjomba, iko Maweni, na mimi nimekulia humo. Tulikuwa na lethi ya zamani, drili ya kusimama, gesi na mashine ya kuchomelea. Kazi zetu nyingi zinatoka baharini: injini za boti za wavuvi na za wale wanaopeleka watalii kwenye matumbawe, na pampu za mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Anayeishi na bahari anaujua ugonjwa wa injini hizi. Bodi ni ya aluminiamu, bolti ni za stenlesi, chumvi ikiingia katikati vinashikana. Ukilazimisha, kichwa cha bolti kinakatika na mwili unabaki ndani. Ukitoboa, biti inateleza kwenye stenlesi inakimbilia aluminiamu kwa kuwa ndiyo laini, tundu linakwenda upande. Ukiingiza kile chuma cha kung'olea bolti, mara nyingine nacho kinakatikia humo humo, na hicho ni kigumu kuliko biti yoyote uliyo nayo kabatini. Wakati mwingine ukichomelea nati juu ya bolti iliyobaki inatoka, na nakushauri ujaribu hilo kwanza, halina gharama. Lakini bolti ikikatika chini ya uso wa bodi, nati utaichomelea wapi? Ulifika msimu injini zikapangana sakafuni kwetu, wenyewe wanapita kila asubuhi kutujulia hali, na salamu zinazidi kuwa fupi.

Habari za cheche nilizipata Changamwe, Mombasa, kwa fundi mmoja wa mauldi (kalibu) za kumiminia plastiki ambaye sisi tunamwita Mzee tu. Mjomba alinituma kwake na bodi ya injini ambayo ndani yake mlikuwa na tepu, kile chuma cha kukatia nyuzi za bolti ndani ya tundu, iliyovunjika. Mzee akaifunga chini ya mashine yake, akateremsha kijiti cha shaba, akafungua kimiminika, na kikaanza kulia kama viazi karai vikitiwa kwenye mafuta. Tulikunywa chai. Chai ilipokwisha, Mzee akachukua sindano akachokonoa vipande vya tepu kutoka kwenye tundu, na nyuzi za aluminiamu zilikuwa nzima, hazina hata mkwaruzo.

Elimu yake haina uchawi. Kuna elektrodi, kipande cha shaba au grafiti, na kuna chuma unachotaka kilike. Havigusani. Kati yao kuna mwanya mwembamba sana uliojaa mafuta au maji yasiyopitisha umeme kirahisi. Volti zikipanda vya kutosha, kile kimiminika kinashindwa kuzuia na cheche inaruka. Inapotua, joto hufika nyuzi 8,000 hadi 12,000 za Selsiasi, kichembe cha chuma kinayeyuka na kugeuka mvuke, umeme unakatika, kimiminika kinasomba taka, kisha cheche nyingine inaruka mahali pengine. Hayo hutokea maelfu ya mara kwa sekunde moja. Ugumu wa chuma hausumbui hata kidogo. Kinachotakiwa ni kipitishe umeme. Chuma kilichokazwa, stenlesi, kabaidi, vyote hulika. Plastiki na mbao havimo.

Mzee anapenda kusimulia kwamba mwanzo wa mashine hizi ulikuwa ni balaa. Mwaka 1943, kule Muungano wa Kisovieti, mume na mke, Boris na Natalya Lazarenko, walikuwa wakitafuta namna ya kuzuia pointi za tungsteni, zile za kuunganishia na kukatia umeme, zisiliwe na cheche. Wakaona kwamba ndani ya mafuta cheche hula chuma kwa utaratibu unaoweza kuongozwa, wakaacha kuizuia wakaanza kuitumia. Miaka hiyo hiyo ya 1940, Marekani, Harold Stark, Victor Harding na Jack Beaver walitengeneza ya kwao kwa shida ile ile iliyotuleta sisi Changamwe: tepu na biti zilizovunjikia ndani ya vifaa vya aluminiamu. Hilo lilinipa moyo kidogo.

Mashine hizi, ambazo wauzaji huziandika EDM, ziko za koo tatu. Kuna ya kuzamisha, ambayo elektrodi yenye umbo inashuka na kuacha umbo lake kwenye chuma. Kuna ya waya, inayokata kwa waya mwembamba unaopita kutoka upande mmoja wa bamba hadi wa pili. Kuna ya matundu, inayotoboa kwa mrija wa shaba unaozunguka huku maji ya nguvu yakipita ndani yake. Ile ndogo ya kutolea tepu na bolti ni mtoto wa ya kuzamisha: ina kichwa chepesi chenye sumaku unachokibandika juu ya kazi, na kisanduku cha umeme pembeni.

Tulianza na huyo mtoto, na kama karakana yako ni ya boti au magari, anza naye. Inatumia umeme wa kawaida wa nyumbani, inabebeka na mtu mmoja, na maji ya ndoo yanatosha. Bei tuliyoiona kwenye tangazo la China ilitufurahisha. Ilipofika Malindi, ukijumlisha meli, ushuru, wakala wa bandarini na matatu, ilikuwa imekaribia mara mbili ya tangazo, kama laki moja na nusu. Kwa hiyo ukiona bei kwenye simu yako, usimwambie bado mkeo.

Kazi yake ina siri chache. Huna haja ya kuchoma tepu yote. Unachoma kiini chake tu, na vibawa vinabaki vimelegea, unavitoa kwa sindano au sumaku. Kwa tepu ya milimita 8 sisi tunatumia elektrodi ya milimita 5. Kubwa zaidi ya hapo unagusa nyuzi. Kibanio cha umeme kikae kwenye chuma kitupu, kwa sababu rangi na kutu vinazuia umeme, mashine inasuasua na wewe unaanza kuilaumu. Na maji yapite. Bolti ikiwa ndefu, taka zinajaa chini ya tundu, cheche badala ya kuruka huku na huku inaganda mahali pamoja, unaona moshi mweusi na ncha ya elektrodi inavimba. Ukisikia sauti imebadilika kutoka kukaanga ikawa mvumo mmoja, inua kichwa, safisha, teremsha tena. Tunatumia elektrodi yenye uwazi katikati, maji yanashuka kwa ndani, taka zinapanda kwa nje.

Shida ya mashine hii ilikuwa kwa wateja. Nahodha mmoja, mtu mzima, alikuja kuchukua injini yake. Akavaa miwani, akachungulia tundu, akaingiza bolti mpya kwa vidole ikaingia yote.

"Mwanangu, umeitoaje?"

"Kwa hii mashine, mzee."

"Nilipita hapa adhuhuri nikakuona umekaa kitini."

"Ndiyo, mzee. Mashine ndiyo inayofanya kazi."

"Basi mwambie mashine aje nimlipe."

Tulicheka, na akalipa nusu. Tangu siku hiyo bei tunakubaliana kabla, kwa unene na kina cha bolti, na kila mteja anaoneshwa bodi mpya ya injini ni pesa ngapi dukani. Vipande vya bolti tunamkabidhi kwenye kikaratasi. Ukimpa mtu kitu mkononi anaelewa kwamba kazi ilifanyika.

Pesa za bolti ndizo zilizotutia tamaa ya kununua ya kuzamisha. Sababu ilikuwepo: hoteli za ufukweni, kuanzia Casuarina hadi Watamu, zina vitanda vya kuotea jua kwa mamia, na vile viatu vya plastiki vya miguu ya vitanda vinapasuka kila mara. Mjomba akasema tutengeneze mauldi wenyewe, plastiki tukamiminishe Mombasa. Kiatu kile kina mfuko wa pembe nne, mwembamba na wa kina, na pembe kali ndani. Kisu cha mashine ya milingi ni mviringo, hakiwezi kuacha pembe kali ndani ya shimo. Elektrodi ya pembe nne inaacha pembe nne.

Tulipata mashine iliyotumika, imetoka Italia, kwa dalali wa Mombasa. Shilingi laki nne na nusu, na hapo bado kreni ya kuipakia, lori, na vijana wa kuishusha kwa mabomba na mbao. Umeme wa fezi tatu, ambao mashine hii inautaka, hatukuwa nao. Kuvuta laini na kubadilisha mita kulitula karibu robo ya bei ya mashine, na kulichukua muda mrefu kuliko meli kutoka Ulaya. Mashine ilikaa chini ya turubai, nasi tunaipangusa mafuta. Kitabu chake kilikuwa cha Kiitaliano, na kwa mara ya kwanza Malindi ilitufaa kwa kuwa Malindi: binamu yangu anayetembeza watalii wa Kiitaliano alikuja jioni baada ya kazi, akakaa juu ya kreti ya soda, akatusomea ukurasa kwa ukurasa huku akilalamika kwamba wageni wake hawaongei mambo ya namna hii.

Sasa niseme ya moto, kwa sababu hapa ndipo mtu anaweza kuumia.

Ya kuzamisha inafanya kazi ndani ya beseni la mafuta. Kuna mafuta maalumu kwa kazi hii, ni mepesi, hayana harufu kali, na yanahitaji joto kubwa zaidi kabla ya kushika moto. Yana bei. Muuzaji alituambia tutie mafuta ya taa, kila mtu anatia. Ni kweli wengi wanatia, na ya taa yanakata vizuri. Lakini ya taa hushika moto upesi, na karakana ya bati mwezi wa Machi unaijua mwenyewe. Cheche zikiruka chini kabisa ya mafuta hakuna hatari, kwa sababu humo hamna hewa. Hatari iko kiwango cha mafuta kikishuka na cheche zikakaribia uso. Ndiyo maana mashine ina boya ndani ya beseni: mafuta yakipungua, boya linashuka, umeme wa cheche unakatika.

Letu halikukata. Mpira wa mlango wa beseni ulikuwa umechoka, mafuta yakavuja taratibu, na mimi nilikuwa hapo hapo nikiangalia saa ya kupimia kina. Nikaona mwanga wa buluu ukitembea juu ya mafuta, mwembamba, hauna hata sauti. Mjomba akapiga swichi kubwa ya ukutani, mimi nikashika mtungi wa unga wa kuzimia moto, na moto ukazimika kabla haujafika kwenye nyaya. Mikono ilinitetemeka hadi usiku. Tulipofungua kisanduku cha boya tulikuta nyaya zake mbili zimesokotwa pamoja na kuzungushiwa utepe mweusi. Kuna mtu kabla yetu alichoshwa na boya linalomkatiza kazi, akaliziba mdomo.

Kwa hiyo ukinunua iliyotumika, kabla hujamlipa mtu, jaza beseni, washa, kisha fungua mafuta yatoke. Isipojizima, ama bei ishuke ama uondoke. Sisi tulibadilisha mpira, tukarudisha boya, tukanunua mafuta yenyewe kwa mtungi mkubwa na tukakubali maumivu. Kazi inafunikwa na mafuta kwa sentimita 5 au zaidi. Feni ya kutolea moshi imekaa juu ya beseni. Mtungi wa kuzimia moto uko mlangoni, mahali unapokimbilia, usiuweke nyuma ya mashine. Na haachwi mtu aende kuswali au kula mashine ikiwa inachoma. Tunapokezana.

Elektrodi nazo zina hadithi yake. Grafiti inakata haraka na haiyeyuki ovyo, lakini ukiichonga inatoa vumbi jeusi laini linalopitisha umeme. Vumbi hilo likiingia kwenye kadi za umeme linaziunganisha zisipotakiwa kuunganishwa, na likiingia kwenye reli za lethi linasaga chuma. Usiichonge bila mashine ya kufyonza vumbi. Shaba nyekundu inachongeka kwa usumbufu, ina kunata-nata, ila inaacha uso msafi na ndiyo tuliyoichagua. Ukinunua shaba ya skrapu dai risiti, maana shaba isiyo na risiti mwisho wake ni kituo cha polisi. Kwa shaba juu ya chuma, elektrodi inafungwa upande wa chanya ndipo inaisha polepole. Nayo inaisha, hasa pembeni. Kwa hiyo huchongi moja, unachonga mbili au tatu za umbo lile lile: ya kwanza inakula kwa ampea nyingi na kuacha uso wa changarawe, ya mwisho kwa ampea kidogo inalainisha. Na shimo linatoka kubwa kidogo kuliko elektrodi, kwa sababu ya ule mwanya wa cheche. Choma kipande cha majaribio, pima, ndipo uchonge ya kazi.

Jambo moja wauzaji hawalitaji. Pale cheche zilipopita hubaki gamba jembamba la chuma kilichoyeyuka kikaganda tena, gumu na lenye nyufa ndogo usizoziona kwa macho. Kwenye mauldi unalisugua kwa jiwe, mambo yanakwisha. Kwenye shafti inayopigwa na mzigo kila sekunde, nyufa zile zinatembea. Mtu wa mashamba ya chumvi alitaka tumchomee njia ya kii (mfereji wa kushikilia gurudumu lisizunguke peke yake) kwenye shafti ya pampu kwa ampea kubwa ili iwe haraka. Mjomba akakataa, akamwambia aende kwa mwenye mashine ya kuchonga. Tulipoteza pesa ya siku ile, na sikumlaumu mjomba.

Kuhusu chumvi ya hewani sina maneno mengi: inakula. Kusi likianza, kitambaa ulichopangusia mashine jana leo kina unyevu. Kilichotusaidia ni chumba cha ndani chenye kuta za mawe na mlango unaofungwa, reli kupakwa mafuta kila jioni, na taa ndogo ya balbu inayowaka muda wote ndani ya kabati la umeme ili unyevu usitulie. Balbu hiyo imetuokolea kadi nyingi kuliko fundi yeyote.

Ya waya ilikuja kwetu kwa njia ya fundi wa Lamu. Anatengeneza milango na makasha, na alitaka kupiga maua ya shaba kwa muhuri badala ya kuyakata moja moja kwa msumeno. Muhuri wa namna hiyo ni vipande viwili, cha juu kinachoshuka na bamba la chini lenye tundu la umbo lile lile, na nafasi kati yao ni ndogo mno. Alikuja na bamba la chuma limeshakazwa Nairobi, zito, limefungwa kwenye gunia. Nikalipeleka kwa Mzee.

Mzee akalipindua. "Tundu la kuanzia liko wapi?"

Waya hauna pa kuingilia katikati ya bamba zima. Lazima kwanza kuwe na tundu, waya upitishwe hapo, ndipo ukate umbo. Kwa kawaida tundu linatobolewa kwa drili kabla chuma hakijakazwa, na mwenyewe hakuambiwa. Hapo ndipo nikaiona ile ya matundu ikifanya kazi. Mrija wa shaba wa milimita moja, unazunguka, maji yanapita ndani yake kwa kishindo, nao ukalipita bamba lililokazwa kama vile halikukazwa, kwa dakika chache tu. Mrija wenyewe ulikuwa umefupika sana. Mashine kama hizo hutumika kutoboa vitundu vya hewa ya kupoozea kwenye visu vya injini za ndege.

Kisha waya. Mzee ana aina mbili chini ya paa moja. Ya haraka, ya Kichina, inatumia waya wa molibdeni wa milimita 0.18 uliozungushwa kwenye pipa, unakwenda na kurudi, unatumika tena na tena hadi ukatike. Kimiminika chake ni maji yaliyochanganywa na mafuta ya sabuni, haina makuu. Uso wake unabaki na michirizi, na kwa mihuri ya kawaida inatosha. Ya polepole inatumia waya wa shaba ya manjano wa milimita 0.25, unapita mara moja tu na kutupwa, na inarudia mstari ule ule mara kadhaa kwa umeme mdogo hadi uso unang'aa. Zote mbili zinaweza kulaza waya ukate kwa mwinamo, nasi tuliuhitaji ili maua yadondoke chini bila kukwama. Maua ya Lamu tulikata kwa ya haraka, na fundi amesharidhika.

Nilivutiwa na ya polepole, sina haja ya kuficha. Mjomba pia. Tulipata proforma ya moja iliyotumika, bei ya nyumba ndogo Muyeye, na kulikuwa na mkopo uliokaribia kukubaliwa. Ila Mzee akanikalisha karibu na tangi lake akanionesha mitungi ya utomvu wa kusafishia maji. Mashine ile haitaki maji, inataka maji yaliyovuliwa madini yote. Kipimo chake cha kupitisha umeme kinakaa chini ya maikrosimensi 20 kwa sentimita. Yakizidi, umeme unavuja ndani ya maji badala ya kuruka cheche, na chuma kinashika kutu kikiwa bado kinakatwa. Utomvu ukijaa madini unabadilishwa, nao hauuzwi Malindi.

Nikanunua kipimo kidogo cha mkono. Maji ya kisima chetu yalipita 3,000. Ya mfereji yalikuwa nafuu, lakini bado ni mamia, na hayaji kila siku. Mzee akapiga hesabu na mimi: kwanza mtambo wa kuchuja kwa shinikizo, ndipo utomvu, kisha kiyoyozi cha chumba, kwa sababu joto likipanda na kushuka vipimo navyo vinahama. Halafu stima. Ikikatika katikati ya mkato, ya kuzamisha inasubiri na kuendelea, lakini ya waya mara nyingi waya umeshakatika, unatakiwa kuupitisha upya kwenye mkato uleule, na pale iliposimama hubaki alama. Jenereta ya kuibeba ni bei nyingine. Kazi za kuilisha Malindi zilikuwa ngapi? Maua ya mwenzetu wa Lamu, na labda gia moja moja ya pampu.

Proforma tuliirudisha. Kazi za waya tunazikusanya, nazishusha Mombasa zikiwa na matundu yake tayari na michoro imeandikwa vipimo vyote, maana Mzee anatoza kwa saa na saa ya kuniuliza maswali anaihesabu pia. Pesa ya viatu vya vitanda tunaiweka kwa ajili ya ile ya matundu, ambayo haichagui maji kama ndugu yake. Kabla ya kuilipia nimeshamwandikia muuzaji maswali yangu: pampu yake inataka maji ya kipimo gani, fezi ngapi, na mirija ya milimita moja naipata wapi nikiwa hapa.